Maikroprobu, leza au mwale wa ioni: ipi ikupimie elementi haba kwenye madini?

Una slaidi ya jiwe iliyong'arishwa vizuri. Ndani yake kuna punje moja ya madini, na ndani ya punje hiyo kuna elementi iliyo kidogo mno lakini ndiyo iliyobeba jibu la swali lako. Labda ni titaniamu ndani ya kwatzi, inayosimulia joto la mahali kwatzi ilipokulia. Labda ni nikeli ndani ya olivini, inayodokeza magma ilitoka kwenye mwamba wa aina gani, au dhahabu isiyoonekana kwa macho iliyojificha ndani ya pairaiti. Mashine tatu zinaweza kukupa namba, na kila moja ina watetezi wake. Ukiwauliza ipi bora utapata majibu matatu, na kila jibu litakuwa kweli kwa kazi ya aliyelitoa.

Tuzitambue kwanza. Maikroprobu ya elektroni hupiga punje kwa mwale mwembamba wa elektroni, kisha huhesabu eksirei zinazotoka, kwa kuwa kila elementi hutoa eksirei zenye urefu wake wa wimbi. Mfaransa Raymond Castaing aliijenga na kuieleza katika tasnifu yake ya mwaka 1951. Njia ya leza hung'oa vumbi kutoka kwenye punje. Gesi ya heli hulipeleka vumbi hilo kwenye plazima ya agoni (gesi yenye joto kali mno), plazima huligeuza kuwa ioni, yaani atomi zenye chaji, na spektromita ya tungamo huzitenga kwa uzito na kuzihesabu. Alan Gray aliionyesha njia hiyo mwaka 1985. Mwale wa ioni nao hupiga uso wa punje kwa ioni za oksijeni au sesiamu ndani ya ombwe, na ioni zinazorushwa kutoka kwenye madini yenyewe ndizo hupimwa. Hapa pia yumo Castaing huyohuyo, aliyeweka msingi wake pamoja na mwanafunzi wake Georges Slodzian mwaka 1962. Kwenye orodha za maabara utazikuta, kwa mfuatano huohuo, kwa vifupisho EPMA, LA-ICP-MS na SIMS.

Ninaposema elementi haba nakusudia zile zilizo chini ya asilimia 0.1 ya uzito wa madini, yaani chini ya 1000 ppm (sehemu kwa milioni). Kwa aliyezoea lugha ya migodini, ppm moja ni gramu moja kwa tani.

Vigezo kwanza

Nitazipima mashine zote kwa vigezo vilevile: ujazo wa madini ambao kila kipimo kinausoma, kikomo cha chini cha ugunduzi, elementi na isotopu (atomi za elementi moja zenye uzito tofauti) zinazoonekana, hali ya sampuli baada ya kupimwa, na mitego, yaani mahali ambapo mashine hutoa namba nzuri isiyo ya kweli. Muda na gharama nitavitaja vinapobadilisha uamuzi.

Nimeuweka ujazo mbele ya kikomo kwa makusudi. Wengi huuliza mashine inashuka hadi ppm ngapi kabla hawajauliza namba hiyo ni wastani wa eneo kubwa kiasi gani. Kwa maoni yangu hapo ndipo uchaguzi mwingi unapoharibikia, kwa hiyo kigezo hiki nakitolea sehemu yake kwa mashine zote tatu.

Ujazo: kila mashine inakula kiasi gani?

Chukua kwatzi, yenye msongamano wa gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo. Mwale wa maikroprobu unaweza kuwa mwembamba chini ya maikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), lakini elektroni zikishaingia kwenye madini hutawanyika. Kwa kilovolti 15 hadi 20, eksirei nyingi hutoka kwenye eneo lenye upana wa maikromita mbili hivi. Tufe la ukubwa huo lina maikromita za ujazo 4 tu, sawa na pikogramu 11 za kwatzi.

Mwale wa ioni wa kawaida unaoacha kishimo cha upana wa maikromita 20 na kina cha maikromita 1 unakula maikromita za ujazo 314, yaani pikogramu 830 hivi. Leza yenye nukta ya maikromita 40 inayochimba kina cha maikromita 20 inakula maikromita za ujazo 25,000, karibu nanogramu 67.

Leza, basi, inapewa madini mara 6,000 hivi ya yale yanayosomwa na maikroprobu. Uwezo wake wa kushuka chini sana una sababu nyingi, lakini hii ni mojawapo, na bei yake ni kwamba unapoteza picha ya mahali.

Tazama bei hiyo kwa namba. Tuseme fuwele yako ina 10 ppm za elementi fulani, isipokuwa ukanda mmoja wa upana wa maikromita 5 wenye 200 ppm, uliosimama wima kuelekea chini ya uso. Weka nukta ya leza ya maikromita 40 katikati ya ukanda. Ukanda utachukua kama asilimia 16 ya eneo la nukta, na leza itakuambia kuna takriban 40 ppm. Itasema hivyo kwa usahihi wa kuhesabu unaovutia sana, lakini hakuna sehemu yoyote ya fuwele yenye 40 ppm. Maikroprobu yenye kikomo cha 20 ppm, ambayo wengi wangeidharau, ingeuona ukanda wa 200 waziwazi na kukuambia kwa haki kwamba kwingineko kuna kiasi kilicho chini ya uwezo wake. Sasa geuza hali: fuwele isiyo na kanda yoyote, yenye 3 ppm kote. Hapo maikroprobu haina la kusema, na leza ndiyo itakayokupa jibu.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kuomba nafasi kwenye mashine yoyote, piga picha za punje zako kwa elektroni zinazorudi nyuma na kwa mwanga ambao madini hutoa yakipigwa na elektroni. Ukishajua upana wa kanda, nusu ya uamuzi imekwisha.

Maikroprobu ya elektroni

*Kikomo.* Kwa mipangilio ya kila siku, mkondo wa nanoampea 20 na sekunde 20 za kuhesabu, kikomo huwa mamia ya ppm kwa elementi nyingi. Sifa ya kwamba maikroprobu si ya elementi haba ilitoka hapo. Lakini kikomo hushuka kwa kipeuo cha pili cha zao la mkondo na muda: ukizidisha zao hilo mara nne, kikomo hupungua nusu. Ongeza mkondo mara kumi na muda mara kumi, na kikomo cha 300 ppm kinakuwa 30. Ukielekeza spektromita kadhaa kwenye elementi ileile na kujumlisha hesabu zake, unashuka zaidi. Kwa titaniamu ndani ya kwatzi, maabara zilizojipanga hufika chini ya 10 ppm.

Kinachozuia kuendelea hivyo bila mwisho ni kwamba kila nusu unayoitaka inadai muda mara nne, na kuanzia kiwango fulani makosa ya kuhesabu huwa madogo kuliko makosa ya mfumo. Mashine inaweza kukuambia 25 ppm, jumlisha au toa 3, wakati ukweli ni 8.

*Inachoona.* Elementi nyingi kuanzia nyepesi hadi uraniamu, ila kwa kiwango cha haba inafanya vizuri zaidi pale kilele cha eksirei kinaposimama peke yake: nikeli, manganisi, kalsiamu na kromiamu ndani ya olivini, zirkoniamu ndani ya rutili (madini ya oksidi ya titaniamu), titaniamu ndani ya kwatzi. Elementi za ardhi adimu (kundi la lanthanamu hadi luteshiamu) zikiwa chache huisumbua, kwa kuwa vilele vyake vimebanana. Hidrojeni na lithiamu usizitarajie. Isotopu haizioni kabisa. Faida ambayo nadhani haithaminiwi vya kutosha ni kwamba elementi kuu na elementi haba hupimwa kwenye nukta ileile. Mwaka 2007 timu ya Alexander Sobolev ilitumia vipimo vya namna hiyo vya nikeli na manganisi ndani ya olivini kukadiria kiasi cha ganda la bahari lililozama na kurejea kwenye chanzo cha magma. Kazi ile haikuhitaji kushuka chini sana. Ilihitaji usahihi mkubwa kwenye punje nyingi.

*Sampuli inabaki na nini.* Karibu yote. Utaona doa la kaboni, na kwenye madini dhaifu jeraha dogo. Tahadhari ni ya mkondo mkubwa: sodiamu hukimbia kutoka kwenye feldspa na vioo, na kwatzi yenyewe huharibika muundo ikipigwa kwa dakika nyingi. Pima elementi zinazokimbia kwanza kwa mkondo mdogo, kisha pandisha mkondo kwa ajili ya zile haba. Utando wa kaboni unaopakwa ili kupitisha umeme uwe na unene uleule kwenye sampuli na kwenye rejea, yaani kipande ambacho kiasi cha elementi zake kinajulikana.

*Mitego.* Hapa nitakaa, kwa kuwa ndipo kazi nzuri na mbaya zinapoachana.

Wa kwanza ni usuli. Elektroni zikipunguzwa mwendo ndani ya madini hutoa eksirei za kila urefu, na kilele cha elementi haba kinasimama juu ya usuli huo kama mnong'ono katikati ya soko. Kwa kawaida unapima usuli pande mbili za kilele na kuchora mstari ulionyooka kati yake. Lakini usuli una mkunjo, na wakati mwingine fuwele ya spektromita huutia shimo dogo palepale kilele kinapokaa. Kosa la mstari huo linaweza kufikia ppm nyingi, hata kukupa kiasi hasi. Donovan, Lowers na Rusk walieleza mwaka 2011 tiba ninayoiona kuwa ya lazima: pima kwatzi safi isiyo na titaniamu kwa mipangilio ileile, uone mashine inasema nini mahali pasipo na kitu, kisha ondoa kiasi hicho kwenye vipimo vyako. Maabara ikikuletea matokeo ya makumi ya ppm bila kipimo cha sampuli tupu ya namna hiyo, iombe.

Wa pili ni vilele kuingiliana. Titaniamu nyingi huzaa vanadiamu ya uongo. Ndani ya monaziti (madini ya fosfati yenye thoriamu), itriamu hugusa kilele kikuu cha risasi, na thoriamu hufunika kilele kikuu cha uraniamu, jambo lenye uzito mkubwa kwa sababu risasi, thoriamu na uraniamu ndizo hutumika kukokotoa umri wa monaziti kwa kemia peke yake. Mwingiliano husahihishwa kwa kupima rejea iliyo na elementi inayoingilia na isiyo na ile inayoingiliwa. Si vigumu, ila lazima ifanywe.

Wa tatu ndio unaoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu hauonekani kwenye takwimu wala kwenye picha: fluoresensi ya pili. Elektroni husimama baada ya maikromita chache, lakini eksirei husafiri mbali, makumi ya maikromita na zaidi. Zikikuta punje ya rutili jirani na kwatzi yako, huamsha titaniamu ya rutili, na spektromita huipokea kana kwamba imetoka kwenye kwatzi. Hesabu athari yake. Kwa mlinganyo wa Wark na Watson wa mwaka 2006, uliopimwa kwa shinikizo la kilobaa 10, kwatzi iliyokua pamoja na rutili ikiwa na 20 ppm za titaniamu inaonyesha joto la nyuzi 585 hivi za Selsiasi. Ongeza 40 ppm za uongo kutoka kwa jirani, zikawa 60, na joto linapanda hadi karibu nyuzi 690. Nyuzi mia moja zinaweza kugeuza historia nzima ya mwamba. Hatari hiyohiyo iko kwenye kalsiamu ya olivini iliyo kando ya pairoksini, na kwenye zirkoniamu ya rutili iliyoshikana na zirkoni, madini yenye zirkoniamu nyingi. Kinga ni kukaa mbali na mpaka, kuigiza safari ya eksirei kwa programu za kompyuta, au kuzitenga punje na kuzipanga upya kwenye utomvu (gundi ngumu ya kushikilia punje) pasipo na jirani. Umbali wa nukta hadi mpaka wa karibu uandikwe kwenye jedwali la matokeo sawa na elementi nyingine yoyote.

*Inamfaa nani.* Mwenye kanda nyembamba chini ya maikromita 10, punje ndogo au zisizopaswa kuharibiwa, elementi chache zilizo juu ya makumi ya ppm, na subira ya dakika kadhaa kwa kila nukta.

Leza na plazima

*Kikomo.* Chini ya 1 ppm kwa elementi nyingi nzito ni jambo la kawaida, na kwa nukta kubwa unashuka hadi sehemu kwa bilioni. Nukta ikipunguzwa kutoka maikromita 40 hadi 10 kiasi cha vumbi hupungua mara 16 kwa kina kilekile, na kikomo hupanda. Anayekutajia kikomo cha leza bila kutaja upana wa nukta hajakuambia kitu.

*Inachoona.* Elementi makumi kwa mpigo mmoja, ardhi adimu zote zikiwemo, na uwiano wa isotopu kwa ajili ya umri wa zirkoni na monaziti. Lithiamu na boroni zinapimika. Florini ni ngumu, na oksijeni haiwezekani kwa kazi ya kawaida. Agoni ya plazima hujichanganya na baadhi ya tungamo: agoni 40 hukaa juu ya kalsiamu 40, kwa hiyo maabara hutumia kalsiamu 43 au 44. Agoni ikiungana na oksijeni hujifanya chuma 56, nayo 57 huchukua nafasi yake. Kwenye feldspa yenye bariamu nyingi, oksidi ya bariamu huongeza europiamu isiyokuwepo, na anayesoma historia ya magma kwenye europiamu anapaswa kulikagua hilo.

*Sampuli inabaki na nini.* Shimo. Kwenye slaidi ya kawaida ya unene wa maikromita 30, leza inaweza kutoboa hadi kwenye kioo na kuanza kukipima. Agiza slaidi nene, maikromita 100 hivi, kabla jiwe halijakatwa.

*Mitego.* Leza haipimi jumla ya vumbi lililofika kwenye plazima, hivyo inahitaji elementi moja ambayo kiasi chake kwenye madini hayo unakijua tayari, kwa mfano silikoni au kalsiamu. Kiasi hicho mara nyingi hutoka kwenye maikroprobu. Mashindano kati ya hizi mbili, kwa hiyo, ni ya mezani zaidi kuliko ya maabarani. Rejea zinazotumika sana ni vioo vya NIST 610 na 612, cha kwanza kikiwa na mamia ya ppm za elementi nyingi, cha pili makumi. Kwa silikati vinafaa. Kwa salfidi tafuta rejea ya salfidi, kwani madini hayo hayang'oki wala kuyeyuka kama kioo.

Mtego mwingine ni vijiwe vidogo vilivyomezwa na punje. Sindano moja ya rutili au zirkoni chini ya uso inatosha kuharibu wastani. Lakini hapa leza ina sifa ya kupendeza: inatoa ishara kwa mfuatano wa muda, inavyozidi kuchimba, na kijiwe huonekana kama mruko wa ghafla unaoweza kukatwa. Kwa dhahabu ndani ya pairaiti jambo hili ni hazina. Ishara tambarare inaashiria dhahabu iliyotawanyika sawasawa, ndani ya muundo wa fuwele au katika chembe ndogo kupindukia. Miruko inaashiria vipande vya dhahabu, na tofauti hiyo ina maana kubwa kwa atakayeichenjua. Omba ishara ghafi pamoja na jedwali la mwisho, na uzitazame kwa macho yako.

*Inamfaa nani.* Mwenye punje kubwa zisizo na kanda nyembamba, anayetaka elementi nyingi kwa mpigo, na mwenye sampuli nyingi. Nukta moja huchukua dakika moja au mbili pamoja na kupima gesi tupu, hivyo mamia ya nukta kwa siku yanawezekana.

Mwale wa ioni

*Kikomo.* Chini ya 1 ppm kwa elementi nyingi, na hapa ujazo unaosomwa uko kati ya zile mbili. Kwa elementi zinazotoa ioni kwa wingi hakuna mashine kati ya hizi tatu inayolitumia vizuri zaidi kila atomi iliyong'olewa. Ziko pia mashine za nukta ndogo zaidi, chini ya maikromita moja, ingawa ukipunguza nukta unapunguza na hesabu.

*Inachoona.* Kile ambacho nyingine mbili hukosa au hupima kwa shida: hidrojeni, florini, klorini, isotopu za oksijeni, pamoja na lithiamu na boroni kwa kiwango cha chini sana. Ukitaka maji yaliyofungwa ndani ya olivini au apatiti, au oksijeni ya zirkoni kwa nukta ndogo, ushindani ni mdogo.

*Sampuli inabaki na nini.* Kishimo cha kina cha maikromita 1 au 2. Zirkoni za Jack Hills, Australia, zinaonyesha thamani ya jambo hili. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba punje moja ya huko ina sehemu yenye umri wa miaka bilioni 4.4, kwa kipimo cha ioni. Mwaka 2014 zirkoni nyingine ya hukohuko, yenye miaka bilioni 4.374 na iliyokwisha kupimwa kwa ioni, ilichongwa vipande vidogo mno na kuhesabiwa atomi kwa atomi ili kuthibitisha umri wake. Punje ya aina hiyo usiikabidhi kwa leza ya maikromita 40.

*Mitego.* Mkubwa ni madini yenyewe. Kiasi kilekile cha elementi hutoa ioni nyingi kwenye madini moja na chache kwenye mengine, kwa hiyo rejea inapaswa kuwa ya madini yaleyale, na pengine ya muundo wa kemia uleule. Bila rejea hiyo, una namba zinazolinganishika zenyewe kwa zenyewe tu. Molekuli nazo hujifanya elementi: silikoni 28 mbili zikishikana hukaa karibu kabisa na chuma 56, na kuzitenganisha kunahitaji spektromita itofautishe tungamo kwa sehemu moja kati ya 3,000 hivi. Sampuli iwe tambarare, imeng'arishwa bila kingo kusimama, na kwa kipimo cha maji utomvu wa kawaida hautakiwi kwa kuwa unatoa gesi kwenye ombwe. Punje hukandamizwa ndani ya indiamu, metali laini.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la elementi nyepesi, isotopu au punje isiyo na mbadala, na anayeweza kungoja. Mashine hizi ni chache, foleni ni ndefu, na mara nyingi utatakiwa kuandika ombi la kisayansi kabla ya kupewa siku.

Kuna njia mbili huulizwa kando ya hizi. Kigunduzi cha nishati cha kwenye darubini ya elektroni kinafaa kutambua madini, ila kikomo chake cha kawaida ni karibu na 1000 ppm, yaani kinaishia pale elementi haba zinapoanzia. Eksirei za sinkrotroni (kiharakishi kikubwa cha elektroni) ni nyeti sana na haziharibu, lakini hupenya ndani sana, kwa hiyo unachokiona kinaweza kuwa kimetoka kwa kilicho chini ya punje yako.

Kwa hali yako

Kama unataka joto kutoka kwa titaniamu ya kwatzi, tazama kanda kwanza. Kanda za maikromita chache na titaniamu ya makumi ya ppm ni kazi ya maikroprobu, kwa sharti la sampuli tupu na umbali wa kutosha kutoka kwa rutili na ilmeniti. Kwatzi ya mishipa iliyokua kwa joto la chini, yenye ppm chache, ipeleke kwa leza kama punje ni kubwa, au kwa ioni kama kanda ni nyembamba.

Kama ni zirkoniamu ndani ya rutili, maikroprobu inatosha mara nyingi, kwa kuwa viwango huwa mamia ya ppm au zaidi. Rutili iliyozungukwa na zirkoni ndogondogo itolewe na kupangwa upya, au ipimwe katikati tu.

Kwa mchoro kamili wa elementi za ardhi adimu kwenye ganeti au pairoksini, chagua leza bila kusitasita. Ganeti ikiwa na kingo nyembamba sana zenye historia tofauti, katikati ipime kwa leza na kingo kwa ioni.

Umri wa monaziti unategemea unachokitafuta. Kanda za maikromita 5 zilizojipanga na mikunjo ya mwamba ni za maikroprobu, ukikubali kwamba umri wa kemia unachukulia risasi yote imezaliwa na uraniamu na thoriamu, na kwamba huna isotopu za kukagua dhana hiyo. Kama mwamba umepitia joto mara kadhaa na unashuku risasi imetoroka, tumia leza au ioni, hata kama nukta itakuwa kubwa zaidi.

Dhahabu ndani ya pairaiti ianzie kwenye maikroprobu kwa ramani ya aseniki, kwa sababu dhahabu isiyoonekana hupenda kukaa kwenye kanda zenye aseniki. Ukishaziona kanda, nukta za leza zitajua pa kukaa. Kupima dhahabu yenyewe kwa maikroprobu kunaleta maana pale tu inapofika mamia ya ppm.

Mwenye bajeti ya mashine moja na sampuli nyingi zisizo na picha bado, fedha ya kwanza iende kwenye picha na maikroprobu ya kawaida kwa elementi kuu. Namba hizo zitahitajika na leza hata hivyo.

Na ukipata nafasi ya kuzitumia zote kwenye punje ileile, zipange kwa madhara: picha, maikroprobu, ioni, leza mwisho. Kati ya maikroprobu na ioni ondoa kaboni kwa kung'arisha kidogo, kisha sampuli ipakwe dhahabu. Kwa vioo na kwa kipimo cha maji, tanguliza ioni kabla ya elektroni, au hakikisha nukta ya ioni haikai juu ya nukta ya elektroni, kwa kuwa mwale wa elektroni unaweza kuwa umekwisha kuzihamisha elementi nyepesi unazozitafuta.